Picha za Ardhi Yetu Zimewekwa Wapi, na Zatafutwaje?

Msomaji wetu mmoja, kijana wa asili ya Rufiji ambaye sasa afanya kazi Dar es Salaam, ametuletea barua ndefu, nasi tumeona swali lake lastahili kujibiwa hapa mbele ya wote, kwa kuwa twaamini liko katika nyumba nyingi. Aeleza ya kwamba katika mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozipata wilaya za Rufiji na Kibiti, shamba la mpunga la babu yake lilifunikwa na maji, na nyumba ya wazee ikaanguka. Sasa jamaa wataka kujenga tena. Babu ashikilia ya kuwa maji hayakuuvuka mwembe mkubwa ulioko mpakani, na kwamba ardhi iliyo nyuma ya mwembe ule ni salama. Ami zake wasema yaliuvuka, tena mbali sana. Kila mmoja alikimbia upande wake usiku pamoja na watoto, na hakuna aliyesimama akapima. Basi kijana auliza: setilaiti zinazoipiga picha dunia ziliiona siku ile? Na kama ziliiona, mtu asiye mtaalamu, tena asiye na fedha, azipataje picha hizo?

Jibu letu la kwanza ni kuwa picha zipo, na hazina bei. Jibu la pili ni kuwa kuwapo kwake na kuziona ni mambo mawili mbalimbali. Mtu aweza kuambiwa kuwa hati yake imo ndani ya ghala lenye mamilioni ya hati, na mlango uko wazi, akaingia na kutoka mikono mitupu. Kinachomfaa ni daftari la ghala, na kujua jinsi ya kumwuliza karani. Habari ya daftari hilo na karani huyo ndiyo tutakayoieleza.

Zamani zilipouzwa

Yafaa kwanza tujue ya kuwa neema hii ya kupata picha bure si ya zamani sana. Setilaiti ya kwanza ya Marekani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuitazama nchi kavu ilirushwa tarehe 23 Julai 1972, na baadaye jamii yake ikaitwa Landsat. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuikabidhi kazi hiyo kwa wafanyabiashara, na bei ya picha moja ikapanda mpaka zaidi ya dola 4,000. Kijana wetu na afikiri: ni mkulima gani wa Rufiji, au hata ofisi gani ya wilaya, ambayo ingetoa fedha hizo kwa picha moja, wala si hakika kwamba picha hiyo haitakuwa na wingu?

Hasara haikuwa ya bei peke yake. Mfanyabiashara hapigi picha asiyotumaini kuiuza. Kwa hiyo nchi zisizokuwa na wanunuzi zilipigwa picha chache mno katika miaka ile, na leo mtu akilifungua daftari la Landsat na kutafuta Afrika Mashariki katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo wa 1990, atakuta kurasa tupu nyingi. Chombo kilikuwa kikipita juu yetu, siku zote, na jicho lake limefumbwa. Hatuwezi leo kwenda kuipiga picha ya mwaka 1989. Waliotaka kujua mikoko ya delta ya Rufiji ilikuwaje wakati ule hawana budi kuruka kutoka picha chache za mwanzo hadi nyingine za baadaye, na kukisia yaliyopita katikati.

Mwaka 1992 sheria ile ilibadilishwa, na kazi ikarudi mikononi mwa serikali. Landsat 7 iliporushwa mwaka 1999 picha ikauzwa dola 600. Kisha mwaka 2008 idara ya Marekani ya uchunguzi wa ardhi, yaani USGS, ikafuta bei kabisa kwa picha zote, za zamani na mpya. Katika mwaka bora wa mauzo zilikuwa zimeuzwa kiasi cha picha 25,000. Na katika mwaka wa kwanza baada ya kufutwa bei zilichukuliwa zaidi ya milioni 1. Wenzao wa Ulaya wakafuata njia hiyo katika mpango wao uitwao Copernicus. Setilaiti yao ya rada, Sentinel-1A, ilirushwa Aprili 2014, na ile ya kupiga picha za rangi, Sentinel-2A, Juni 2015, na mavuno yake yote hupewa atakaye.

Hata hivyo mtu asidhani ya kuwa jambo hili limefungwa kwa kufuli. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliitaka kamati ya washauri itazame kama yafaa kurudisha malipo ya Landsat. Picha zimebaki bure, lakini swali liliulizwa, na lililoulizwa mara moja laweza kuulizwa tena.

Karani na daftari lake

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Kwa miaka mingi kila ghala lilikuwa na daftari la namna yake. Aliyejifunza kuuliza Marekani hakuweza kuuliza Ulaya, na aliyeuliza Ulaya alitumia maneno yasiyojulikana kwingine. Mwezi wa Oktoba 2017 watu 25 kutoka mashirika 14 walikutana mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wakaanza kuandika kanuni moja ya kuziorodhesha picha hizi. Kanuni hiyo yaitwa STAC, na toleo lake kamili la kwanza lilitoka Mei 2021. Nasi kwa kweli hatukulipenda jina hilo, kwani halimwambii msomaji kitu; lakini kazi iliyofanywa ni njema.

Kwa kanuni hii kila picha hupewa kadi yake, kama kadi za vitabu katika maktaba. Juu ya kadi huandikwa jina la picha, siku na saa iliyopigwa, mipaka ya ardhi iliyomo, kiasi cha mawingu, na mwisho anwani za mafaili yenyewe mahali yalipowekwa. Kadi zilizo za aina moja hukusanywa katika fungu moja. Picha za rangi za Sentinel-2 zina fungu lake, na za rada zina fungu lake. Kadi ni nyepesi, maneno machache tu, na picha ni nzito, pengine karibu gigabaiti nzima. Kwa hiyo mwenye akili husoma kadi mia kwanza, kisha akachukua picha moja.

Na karani ni nani? Karani ni programu iliyokaa katika kompyuta ya ghala, ikingojea maswali kwa njia ya intaneti. Mlango wa kuulizia huitwa kwa herufi tatu, API. Tofauti yake na ukurasa wa kawaida ni hii: ukurasa umepambwa ili macho ya mtu yafurahi, na mlango huu umewekwa ili programu moja iulize na nyingine ijibu, bila mapambo. Swali hupelekwa kwa maandishi yaliyopangwa, na jibu hurudi kwa maandishi yaliyopangwa, kila neno mahali pake. Kijana aliyejifunza kuandika programu fupi kwa lugha ya Python aweza kuuliza maswali mia kwa dakika chache. Asiyejifunza naye aweza kutumia QGIS, programu ya ramani isiyouzwa, au ukurasa wa ramani uliowekwa na ghala lenyewe, nao humwuliza karani yule yule kwa niaba yake.

Mambo matatu ndiyo makubwa katika swali: wataka fungu gani, wataka mahali gani, na wataka siku zipi. Tulikaa jioni moja na kijana huyu pamoja na kompyuta yake tukalijaribu, na ni haki tuwaeleze wasomaji jinsi tulivyokosea, ili wao wasipoteze jioni yao.

Tulikwenda Ureno

Mahali husemwa kwa namba nne za kuuzungusha mstatili: magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Sehemu ya chini ya mto Rufiji imo takriban kati ya longitudo 38.7 na 39.4 mashariki, na latitudo 8.2 na 7.7 kusini. Kusini ya Ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo swali lilipasa kuwa 38.7, kisha -8.2, kisha 39.4, kisha -7.7. Sisi, kwa mazoea ya vitabu vya jiografia vinavyoitaja latitudo kwanza, tulianza na -8.2. Karani hakukataa. Alitujibu upesi, kwa orodha nzuri, na picha tulizozifungua zilionyesha mashamba ya rangi ya kahawia na vilima tusivyovijua. Kumbe tulikuwa Ureno, mashariki ya mji wa Lisbon! Wareno walikuja pwani yetu zamani bila kualikwa, nasi siku ile tukawarudishia ziara.

Twacheka, lakini sababu ya kulieleza jambo hili si kucheka tu. Karani hajui makusudio ya mtu. Ukimwuliza swali lisilo sahihi ambalo lina umbo sahihi, atakujibu kwa adabu ile ile, na jibu lake halitakuwa na dalili yoyote ya kosa. Ingekuwa mahali penyewe pafanana na Rufiji, tungeweza kumpelekea babu picha ya nchi ya watu.

Tarehe nazo zina adabu yake. Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku. Na saa zote ni za Greenwich, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Picha ya Sentinel-2 juu ya Rufiji huandikwa saa 7 na nusu, na aliyezoea kuhesabu saa za Kiswahili aweza kudhani ni adhuhuri imepita. La, ni saa nne na nusu za asubuhi.

Kisha orodha iliporudi tuliona kadi 10, na kijana akasema, "Basi ni hizi tu." Hazikuwa hizo tu. Karani huleta kadi chache kwa kila mara ili asimlemee aulizaye, na chini ya jibu huacha kiungo cha ukurasa ufuatao. Asiyekifuata kiungo hicho hubaki na kumi za kwanza, akadhani ghala limekwisha.

Habari ya mawingu

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na msomaji atuwie radhi nasi tukae kidogo. Mafuriko hayaji siku ya jua. Katika Aprili ya masika, anga ya Rufiji hufunikwa siku nyingi, na picha za rangi, ambazo huhitaji mwanga wa jua, huonyesha pamba nyeupe kutoka pembe hata pembe. Karani huruhusu kumwambia, "Niletee zile tu ambazo mawingu yake ni chini ya asilimia 20." Ni jambo jepesi, na wengi hulifanya, nasi tulilifanya, tukabaki na orodha fupi mno.

Lakini namba hiyo ya mawingu ni ya picha nzima, na picha moja ya Sentinel-2 katika daftari hili ni kipande cha kilomita 110 kwa 110. Shamba la babu halifiki hata nukta katika kipande hicho. Yawezekana picha yenye mawingu asilimia 70 ikawa na tundu lililo wazi juu ya shamba lile lile. Na yawezekana picha yenye asilimia 5 ikawa na wingu lake moja limeketi juu ya mwembe wenyewe. Anayetafuta mahali padogo na asiiamini namba hii. Heri afungue picha ndogo za mfano, ambazo anwani zake zimo katika kadi, azitazame moja moja kwa macho yake. Nasi tulipoiondoa ile asilimia 20 tulipata picha zilizokuwa na matundu, ambazo kwanza tulikuwa tumezitupa kwa ujinga wetu.

Kwa gharika lakini dawa hasa ni rada. Sentinel-1 haingojei jua wala haizuiwi na mawingu. Hupeleka mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi, usiku na mchana. Maji yaliyotulia ni laini kama kioo, huyatupa mawimbi upande mwingine, kwa hiyo katika picha maji huonekana meusi, na nchi kavu huonekana ya kijivu na nyeupe. Mtu akichukua picha ya Februari akaiweka kando ya ile ya Aprili, ataona weusi ulivyotanda hata bila kuwa mtaalamu. Yampasa tu achague picha mbili zilizopigwa kwa njia moja ya kupita, kwa sababu chombo kikitazama kutoka upande mwingine vivuli hubadilika. Na jambo hilo nalo limeandikwa katika kadi.

Twaongeza onyo moja. Palipo na miti mirefu iliyosimama ndani ya maji, mawimbi hugonga maji, kisha hugonga shina, kisha hurudi kwa nguvu, na pahali pale huonekana peupe badala ya peusi. Minazi na miembe ya pembeni mwa shamba yaweza kumdanganya mtazamaji kuwa pale palikuwa pakavu.

Na kuna upungufu usioweza kutengenezwa. Sentinel-1 zilikuwa mbili, lakini moja iliharibika Desemba 2021, na badala yake haikurushwa mpaka Desemba 2024. Kwa hiyo wakati wa mafuriko ya Rufiji ilikuwa imebaki moja tu, nayo hurudi katika njia yake kila baada ya siku 12. Maji yaweza kupanda, kufika mwisho wake, na kuanza kushuka ndani ya siku hizo 12, bila ya jicho hilo kuona kilele chake.

Gharama iliyobaki

Tumesema picha ni bure, na ni kweli. Lakini bando la intaneti si bure, na mzazi ayalipaye anajua. Kwa sababu hii twapenda vijana wajue ya kwamba mafaili ya siku hizi katika maghala mengi yamepangwa kwa vipande, hata programu yaweza kukata sehemu ndogo tu ya picha, kama mwuza vitambaa anavyokata dhiraa mbili bila kumuuzia mtu jora zima. Kijana wetu alikuwa akiogopa kupakua gigabaiti nzima, na alipojua kukata alichukua kipande cha Mohoro na jirani zake kwa megabaiti chache.

Ghala moja lililo karibu na haja zetu ni la Digital Earth Africa, ambalo ofisi yake imewekwa Afrika Kusini na mafaili yake hukaa katika kompyuta za Cape Town. Lina picha za bara letu zima, za Landsat na za Sentinel, daftari lake lafuata kanuni ya STAC, na halidai mtu ajiandikishe ndipo aulize. Lina pia ramani zilizokwisha kufanyiwa hesabu, mojawapo ikionyesha kwa kila mahali maji yameonekana mara ngapi katika miaka iliyopita. Kwa Copernicus, kuuliza hakuhitaji ruhusa, lakini kupakua huhitaji kujiandikisha na kupewa neno la siri. Yafaa pia kujua ya kuwa mlango wa kale wa Copernicus ulifungwa mwaka 2023 na mpya ukafunguliwa. Mafunzo mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo yamwelekeza mtu kwenye mlango ambao haupo, na kijana hujilaumu kuwa hakufahamu, na kosa si lake.

Tena kijana na ajue kipimo cha macho haya. Nukta moja ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, na ya Landsat ni mita 30. Mtumbwi hauonekani, ng'ombe haonekani, na mwembe mmoja mkubwa utakuwa nukta moja au usiwe hata hiyo. Asiyejua haya hutaka kuiona nyumba yake na watu mlangoni, kisha husema amedanganywa. Mambo makubwa huonekana vizuri sana: ziwa jipya lililo nyuma ya bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa Desemba 2022, mtu hulitafuta katika daftari kwa picha za kabla na za baada, na tofauti haihitaji miwani.

Basi ilikuwaje habari ya mwembe? Kijana alisafiri na picha mbili za rada akiwa amezichapisha kwenye karatasi, na mstari wa mpaka wa shamba ameuchora kwa kalamu nyekundu baada ya kuutembea na simu yake mkononi ikimwandikia longitudo na latitudo. Weusi wa maji ulikuwa umeuvuka mstari ule upande wa mashariki, mahali ambapo ami zake walisema, na upande wa kaskazini haukuufikia. Penye mwembe palikuwa peupe. Ami mmoja akasema hiyo ni ile ile habari ya maji chini ya miti. Babu akaishika karatasi muda mrefu, akauliza picha hii imepigwa siku gani. Akaambiwa. Akahesabu kwa vidole, akasema siku hiyo wao walikuwa wamekwisha kaa katika hema siku ya nne, na maji yalikuwa yameanza kushuka. Akataka aletewe ya usiku waliokimbia.

Kijana ametuandikia kuuliza kama usiku huo umo katika daftari. Tumemwuliza karani mara tatu, kwa rada, kwa Landsat na kwa Sentinel-2, tukavifuata viungo vyote mpaka ukurasa wa mwisho. Haumo. Nyumba, wametuarifu, itajengwa upande wa kaskazini.